Ngeli ya Fukusi

Mpangaji wangu Mbeyu, chumba cha uani, Maweni ya Malindi,
hulipa kodi tarehe tano na hunuka spiriti.
Kazi yake huko Gede ni kupanga fukusi.
Juzi umeme ulikatika, akaileta kazi barazani:
viberiti kumi na saba na sindano,
na mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
nikamshikia kurunzi.

Niliuliza swali pekee ninalolijua:
hawa ni wa ngeli gani?
Akacheka. Tazama pua, mwalimu.

Nikatazama. Pua imepinda kama mdomo wa buli,
na katikati yake vipapasio viwili vimekunja viwiko
kama mwanamke aliyeshika kiuno kudai deni.
Waliokunja viwiko, huku.
Walionyoosha, kule, na ukoo wa kale.
Huyu mweusi, michirizi myekundu kifuani, ni wa mnazi;
ndiye aliyeuangusha ule wa Bwana Khitamy, na tukamlaumu jini.
Mdogo wa madoa manne ni wa mahindi.
Na huyu hana jina bado:
jani la mkoma, Jumanne, saa nne asubuhi,
lebo ndogo kuliko ukucha.
(Cheti changu cha kuzaliwa hakijui saa.)

Kisha akatoa wa kunde. Huyo namfahamu.
Nimempepeta ungoni tangu utoto,
mama alimwita fukusi,
nami nikamwandika ubaoni miaka thelathini na moja: fukusi.
Mbeyu akamtenga. Si wao. Pua hana.
Jamaa zake ni wala-majani.

Nikamtupia methali: undugu ni kufaana, si kufanana.
Akajibu bila kuinua macho:
hapa kufaana hakupimwi,
na kufanana nako kunadanganya.

Usiku nikakesha na ngeli zangu.
Dumuzi, madumuzi: kwa umbo angekaa na jino, jiwe, jembe,
lakini hatusemi limekula. Amekula.
Pumzi ndiyo iliyomhamisha.
Na yule wa sindanoni, mkavu, mguu umebanduka?
Nilimsikia Mbeyu akimkaripia,
gundi mkononi: hebu tulia, wewe.

Asubuhi nikamwaga kunde ungoni.
Mmoja akachungulia kutoka tundu lake, akatembea.
Nikafungua kinywa nimtukane,
nikakosa jina.