Bi Somoe, Mara Arobaini

Kazi yangu hapa Newala ni nyuso za vitambulisho:
pazia la buluu, kigoda, usicheke,
mama sogeza mtandio, masikio yaonekane.
Bofya. Moja inatosha. Nne kwa elfu tatu,
ngoja hapo kwenye benchi.

Lakini Jumapili ile sikufungua.
Nilimfuata Bi Somoe Nalinga uani kwake
anakobangulia korosho juu ya jiwe lilelile
tangu mwaka ambao yeye anauita
"ule wa njaa ya pili", na mimi sijui ni upi.

Nikamwambia: usinitazame, wewe fanya kazi.
Nikamzunguka.
Hatua, bofya. Hatua, bofya.
"Kama kuku anayetafuta pa kutagia," alisema,
wala hakuinua kichwa.
Jiwe nililiweka katikati kila mara,
hilo tu ndilo nililolishika;
mengine yote niliyaacha yaponyoke.
Arobaini. Siku za mwizi.
Kwenye ya kumi na saba alikatiza Binti Chikumbi
na ndoo yake nyekundu,
kwenye ya thelathini na moja upepo ukageuka,
moshi wa maganda ukatuingia machoni
tukalia wote wawili, bila msiba.

Usiku, umeme uliporudi,
nilizilaza moja juu ya nyingine kwenye kompyuta,
kila moja nikaififisha hadi ikakaribia kutokuwepo:
utando, pumzi kwenye kioo.
Ya kwanza, hakuna mtu.
Ya tano, kama mtu anataka kuja lakini bado anafikiri.
Ilipofika ya ishirini mikorosho ya nyuma ilikuwa ukungu,
ule wa asubuhi za Julai unaopanda kutoka bonde la Ruvuma
na kuumeza mnara wa simu hadi kiunoni.
Vidole vikawa mia nne.
Mikono haikuwa mikono tena, ilikuwa kubangua kwenyewe.
Uso ukaenda zake.
Mistari ikalizunguka jiwe, duara ndani ya duara,
kama ya dole gumba,
na jiwe likabaki jiwe,
na juu ya jiwe kishimo, kina cha kitovu cha mtoto,
ambacho sikukiona katika picha hata moja
kati ya zile arobaini.

Jumatatu nikampelekea, kwa haya,
huku ile ya ishirini na mbili iko mfukoni,
safi, masikio yote mawili, endapo atakasirika.
Aliigeuza juu chini. Akaisogeza mwangani.
"Kichwa changu umekipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu la elfu tatu.

Akanyamaza. Kisha kidole chake,
kile ambacho mashine ya kusajili laini ilikikataa mara sita
(futa mkono, bibi; bonyeza tena, bibi;
bibi, mbona huna alama?),
kile kilicholiwa na mafuta ya ganda mwaka hadi mwaka
mpaka kikawa laini kuliko laini aliyokuwa akiitaka,
kikatembea juu ya karatasi polepole,
kikapita penye moshi, kikapita penye mikorosho,
kikatua chini kidogo ya kiganja,
pale ambapo mia nne wanakutana na kuwa giza.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo paniumapo usiku."

Mimi nilikuwa nimeona rangi tu.

Akaendelea kutazama.
"Na hiki chekundu, kama kidonda kinachopona?"
Binti Chikumbi, nikamwambia. Ndoo yake.
"Ahaa. Amepita mbio hivyo kwa sababu ya chekecheke langu.
Tangu mfungo."
Akaichomeka picha kwenye upenyo wa mlango,
karibu na kadi ya chama cha ushirika,
akarudi kukaa, akachukua korosho,
akaitafutia kishimo chake bila kutazama.

Ile safi niliisahau mfukoni.
Ilifuliwa pamoja na suruali.