Meno

Miaka kumi na mmoja nimechonga meno
katika chumba cha nyuma cha zahanati, hapa Braga:
meno ya wajane, ya padri mmoja mkali,
ya dereva wa lori aliyerudi makusudi
kunionyesha anavyotafuna tufaha.
Kila mwisho wa mwezi najiandikia risiti ya kijani
(siku hizi haina kijani, ni skrini tu)
kana kwamba nilipita kwa Daktari Evaristo
nikamwachia bidhaa, nikaenda zangu.

"Wewe uko huru, Graciete," husema.
Huru kuingia saa mbili kamili.
Huru kumwomba ruhusa nikamzike mama,
na siku ya mazishi isilipwe.
Koti jeupe ni lake, lina nembo yake kifuani.
Jina langu liko kwenye kikombe,
na kikombe nilinunua mimi.
Nilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa
nikashukuru kwa kung'aa.

Februari gego langu likaoza.
Nikakaa na shavu limevimba
nikichonga gego la mtu mwingine,
maana aliye huru akiugua
homa ni yake na hasara ni yake.

Ndipo akaja mkaguzi wa kazi, Leonilde,
mwanamke mfupi, viatu vimelowa mvua.
Sikumwita mimi. Au nilimwita; hilo silisemi.
Mkataba aliusukuma kando, hakuufungua.
Kiti hiki cha nani?
Cha Daktari.
Na tanuri? Na hii burashi?
Nani alisema saa mbili?
Ukichelewa, nani hununa?

Daktari, mlangoni: "Sisi hapa ni familia."
"Vizuri," akasema, kalamu haikusimama.
"Na huyu ndugu yako, likizo yake ya mwisho lini?"

Nilijibu moja moja,
na kila jibu lilikuwa jino
likikaa kwenye ufizi wa nta,
mpaka nikauona mdomo mzima
na mdomo ule ulikuwa wangu.

Shauri liko mahakamani. Bado.
Wengine chumbani wananisalimu kwa macho tu.
Kesho saa mbili kamili nitaingia kama kawaida,
gego linauma kama kawaida.
Lakini usiku huu, mbele ya skrini,
pale panapouliza jina la mteja,
nimekaa saa nzima
sijaandika kitu.