Tatizo la Utafiti

Fomu ya uzamivu inauliza: tatizo la utafiti ni nini?
Maneno mia tatu, mwisho saa sita usiku.
Hapa Moshi umeme umerudi sasa hivi,
modemu inapepesa jicho jekundu.

Nimeandika: hadhira. Nimefuta.
Nimeandika: nadharia ya upokezi. Nimefuta hiyo pia.

Miaka kumi na mmoja nasoma matangazo ya vifo redioni,
saa saba kasoro robo,
habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo,
na sijui huwa zinafika wapi.

Siku moja nilikosea karatasi.
Kesho yake mlango wa studio ukagongwa:
Aminiel Ndewirwa wa Uru, kofia mkononi.
"Mimi ndiye niliyekufa jana."
Nikaomba radhi, nitasahihisha kwenye taarifa ya jioni.
Akaketi. Akafikiri.
"Usiharakishe, binti. Wamefika watatu tu.
Subiri hadi Jumapili,
nijue ni nani alikuwa akisikiliza."

Nilisahihisha Jumatatu.

Zimebaki dakika tisa.
Naandika jina lake kwenye kisanduku,
herufi kwa herufi,
safari hii nikiitazama karatasi mara mbili.