Jinzi Kwenye Kamba

Ijumaa saa tisa na robo tukarudisha karatasi
za jaribio la mwisho. Jumatatu ni Tisa Desemba, sikukuu.
Jumanne tutawasilisha mradi,
halafu kila mtu na basi lake.

Nikafua jinzi. Hicho ndicho nilichofanya,
nakiri mapema, usije ukangoja zaidi.
Nikaikamua hadi viganja vikawaka,
nikaitundika nyuma ya nyumba, hapa Ikuti,
na Loleza, mlima mzima, akajivuta wingu hadi kidevuni
kama mtu aliyesikia hodi akanyamaza.

Jumamosi nikaamka saa nne.
Mama Sekela, mwenye nyumba, anachambua maharage:
"Ugonile?"
Salamu ya kwao huuliza kama umelala,
na muhula mzima nimeijibu kwa uongo.
Leo nikasema, nimelala, mama. Nimelala sana.
Akainua macho kutoka kwenye ungo.
"Naona. Mkunjo wa shuka huo hapo shavuni."

Jinzi: inadondosha maji.

Gwakisa akarudi kutoka Mwanjelwa na sado ya viazi,
mafuta kayasahau. Tukachemsha.
Tukala kwa chumvi na parachichi,
tukibishana kama parachichi ni tunda au ni mboga,
ubishi uliokwisha parachichi lilipokwisha.
Manyunyu yakaanza, yale ya huku, yasiyo na haraka,
yasiyopiga bati bali hulipapasa
kama kipofu anayetafuta mlango.
Gwakisa akasema, jinzi yako.
Nikasema, najua.
Hakuna aliyesimama.

Jumapili tarumbeta za Wamoraviani
zikapenya ukungu na dirisha na blanketi mbili.
Nilisikiliza ibada nzima nikiwa nimelala chali;
sadaka naidaiwa.

Mchana simu ya mama, kutoka Ludewa.
Umekula? Nimekula. Tiketi? Nimekata.
Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake,
nikasikia mdogo wangu Tulinave akilia kwa kunyimwa kitu.
"Mahindi yamefika magotini, na majani nayo.
Jembe lako nimelitia mpini mpya."
Alisema kwa furaha, kama mtu aliyeninunulia viatu.
Nikasema asante, na nilimaanisha,
na viganja vikajikunja vyenyewe chini ya blanketi.

Basi ndiyo hivyo. Wanaosema likizo ni mapumziko
hawana shamba kule mteremkoni.
Kati ya kalamu na jembe nimepewa siku tatu,
nyembamba, zenye baridi,
na sitaki mtu aniulize nimezifanyia nini.

Jinzi: nzito kama jana.

Jumatatu, saa nne na nusu, bila taarifa,
jua.
Mtaa wote ukatoka nje na magodoro.
Redio ya jirani inapiga gwaride, kushoto, kulia,
na sisi tumelala juani kwenye majani,
wahandisi wa kesho, miguu peku,
tukimhesabia Gwakisa matundu ya soksi.
Loleza kajifunua, kabichi kabisa,
utadhani hakuwahi kumnyima mtu uso.

Nikaipapasa jinzi. Magoti makavu. Pindo kavu.
Kiunoni bado mbichi, na mfukoni kuna donge:
karatasi, imekuwa uji, imekauka, imekuwa jiwe.
Nikaifungua taratibu kwa kucha.
Orodha. Niliiandika Alhamisi, kwa wino wa bluu,
mambo saba ya kumaliza wikiendi hii.
Sita yamekwenda na maji.
La saba linasomeka, kwa shida: *kufua*.

Nikamwonyesha Gwakisa. Alicheka mpaka Mama Sekela
akatoka kuuliza nani kafaulu.

Nikaigeuza jinzi, mifuko nje, iangalie jua.
Nikarudi kwenye godoro.