Bitana

Dalisay alinitumia vipimo vyake kwa milimita,
ndivyo walivyo wahandisi wa madaraja,
pamoja na picha kumi na nne za magauni ya watu wengine.
Mjomba, akaandika, shona utakavyo, ila kiwe cha kwetu.

Cha kwetu.
Nikacheka peke yangu hapa Kalibo,
mvua inapiga bati, kahawa imepoa,
mkasi umelala mdomo wazi mezani.
Cha kwetu ni jani la nanasi.

Tunda waachie wenye hamu ya utamu.
Nasema jani, lile refu lenye meno,
unaloliparua kwa kigae cha sahani iliyovunjika
mpaka ukijani utoke wote, na chini yake
uukute uzi mwembamba kama unywele wa mtoto wa siku saba.
Uzi wa jani moja haufiki mbali:
dhiraa moja, na shibiri ukibahatika.
Basi unafunga fundo, unakata kijisalio,
unafunga fundo,
mwezi unaandama, mwezi unakufa, unafunga fundo.
Mama mkubwa Pilar, mtoto wa jicho kamtanda macho yote mawili,
hafungi kazi jua likitua.
Macho yanachelewesha, anasema. Vidole ndivyo vinavyoona.

Nikachora.
Mikono ya kizamani, ya kipepeo,
imesimama mabegani kama iliyoshtuliwa.
Kiuno chembamba. Mkia mrefu wa kufagia kanisa.
Kisha nikafungua sanduku la marehemu Bibi Osang
kutafuta gauni lake la harusi, niibe nakshi.

Miaka arobaini kwenye kitanda cha mfumi!
Shela za mabinti wa wenye mashamba ya miwa
zilitoka mikononi mwake nyepesi kama pumzi.
Nilitegemea nini? Pumzi.
Nikatoa pamba nzito, ngumu, rangi ya ugali wa jana,
na kifuani, kichwa chini miguu juu,
herufi za buluu ambazo sabuni ilishindwa nazo:
nusu ya jina la kinu cha unga, na uzito,
ratili tisini na nane.

Gunia.
Mwaka wa kwanza baada ya vita, unga wa msaada,
kitambaa cha marekani, kwa maana zote mbili.
Kinyozi hajinyoi, wanasema,
lakini yeye aliona haya, aliniambia Pilar;
picha alizichana mwenyewe. Gauni hakulichana.
Kwa nini? Muulize yeye.

Nikafunga sanduku.
Siku tatu nikachora tena,
na kila mchoro ukanidanganya kwa sauti nzuri.

Ya nne nikampigia Dalisay, nikamweleza gunia.
Kimya. Nyuma yake, mashine ya kuchanganya zege.
Linachubua? akauliza.
Nimelichemsha mara mbili, nikasema. Bado.
Basi liache lichubue.

Nikalifumua kwa wembe, mshono kwa mshono.
Bibi alishona kwa uzi aliouchomoa pindoni mwa gunia lilelile;
hakupoteza kitu, hata kona.
Nikalikata bitana ya kiwiliwili,
herufi nikazigeuza ziangalie ngozi,
juu nikatandaza jani la nanasi,
nyuzi za Pilar, mafundo elfu ngapi sijui,
sikuweka ushanga hata mmoja.

Asubuhi ya harusi, chumba kimejaa marashi na kelele,
Pilar akaongozwa mpaka kwa bi harusi.
Hakumwambia mtu neno. Akapapasa bega,
akashuka mgongoni polepole,
na chini ya kile chepesi vidole vikakikuta kile kizito.
Vikasimama hapo.
Nje kengele ikalia, wakaanza kutuita. Hakuondoa mkono.

Kisha akainama, akaushika upindo, akaunyoosha.
Kushoto pamevutika, akaniambia.
Lete sindano.