Daftari la Vipimo

Kiuno thelathini na nne, urefu arobaini na moja,
suruali ya Mzee Kornel wa Uru, apunguziwe mapaja.
Chini yake, kwa kalamu ya bluu inayokaribia kukauka:
Jumanne. Kigimbi cha kushoto. Kimecheza
tangu adhana ya alfajiri mpaka chai.

Jicho likicheza tuna majibu:
kope ya juu, mgeni; ya chini, machozi.
Kiganja kikiwasha, hela iko njiani.
Lakini kigimbi?
Nimeuliza Kiborloni nzima, kuanzia wauza mitumba
hadi yule mama wa ndizi mshare.
Hakuna aliyerithi maana ya kigimbi.

Kinacheza bila ngoma,
bisi zinazoanza kupasuka kwenye sufuria iliyofunikwa.
Ninaweka kiganja juu yake
kama mtu anayenyamazisha mtoto kanisani.
Kinatulia.
Kisha paja linaitikia.

Usiku ndio wenye meno.
Saa nane msuli unakaza, unajipiga fundo
ambalo sikulifunga mimi, na mimi ndiye fundi.
Apolinari anaamka kabla sijapiga kelele,
anashika vidole vya mguu, anavikunja kuja kwangu,
macho kayafumba, kimya,
kama anayevuta kamba ya ndama mkaidi.
Akimaliza anauliza, "Umeachia?"
Na mpaka leo sijui
anauliza mimi au mguu.

Hospitali walichukua damu, vichupa vitano.
Chumvi ya damu, sukari, tezi,
sindano nyembamba ndani ya paja, mashine ikikoroma
kama redio iliyokosa stesheni.
Daktari kijana, mstaarabu, akageuza karatasi:
"Vipimo vyote vizuri, mama. Huna kitu."

Huna kitu.
Maneno hayo nimeshaambiwa benki.
Sikujua yanaweza kuwa habari njema.
Nikashukuru, nikashuka nimeshika ukuta,
ngazi kumi na moja,
magoti yakiulizana nani atangulie.

Mafuta ya nyonyo, wamesema. Maji ya chumvi.
Ndizi mbivu mbili kabla ya kulala
(nimekula; nani Moshi hajala ndizi?)
Jirani akashusha sauti: kuna mteja
uliyemharibia kitenge, huyo ndiye.
Nikamjibu, wakiwa hao, nisingebaki na kiungo kizima.
Tukacheka hadi mbavu nazo zikakaza.

Mkasi ulianguka Alhamisi.
Haukuteleza. Vidole vilisahau vimeshika nini.
Kandida, mwanafunzi wangu, aliuokota,
akaendelea kukata pale nilipoishia
bila kunitazama usoni.
Nilimpenda kwa hilo.
Nilimchukia pia, kama dakika mbili.

Sasa tumegawana: yeye anakata, mimi nakanyaga.
Mguu ukianza mambo yake juu ya kanyagio
cherehani inajishonea hatua tatu, nne,
mshono ambao hakuna aliyeuagiza.
Zamani niliufumua, kila mara, kwa hasira.
Wiki hii nimeuacha mmoja
ndani ya pindo la Mzee Kornel, pasipoonekana.
Atatembea nao hadi Uru, asijue
kuwa mguu wangu umepanda mlimani.

Na mlima wenyewe leo umejitokeza wote.
Wiki nzima ulijifunika, hausemi kwa nini,
asubuhi umefunua, hausemi kwa nini.
Hakuna anayeupeleka kupimwa.

Ijumaa. Kigimbi, hakuna. Paja, kidogo.
Mkono wa kulia, umebeba ndoo nusu.
Kope ya juu, mara moja.
Hiyo angalau ina majibu:
nimeongeza kikombe.