Jiwe la Uani

Nyumba ilikwisha, rangi haijakauka,
ua ukabaki kidonda: kifusi, misumari,
tope la mwezi wa tano huku Kainuu,
theluji ya mwisho imejibanza nyuma ya banda.

Tukaitisha msaragambo.
Shemeji Oiva alikuja na toroli la gurudumu bovu,
mama na miche ya stroberi kaifunga gazetini,
na jirani Pentti, aliyekuwa hajatuamkia
tangu tuchimbe msingi,
akaingia na trekta, kimya,
kama mtu anayelipa deni la baba yake.

Tulisawazisha, tukamwaga mbegu za nyasi,
tukagombana: njia inyooke au ipinde?
Ikapinda yenyewe, kwa ajili ya jiwe.

Jiwe lile! Kila tukichimba linazidi kunenepa.
Mnyororo ukakatika. Pentti akashuka,
akalizunguka mara mbili,
akalipiga kofi kama ubavu wa ng'ombe:
"Huyu alikuwa hapa kabla yenu."
Ndilo neno lake la kwanza kwetu.

Tukaketi juu yake kunywa kahawa,
wanane, miguu inaning'inia,
kucha nyeusi, mbu wa kwanza wakitunywa sisi.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoachia udongo,
mawe matatu yalichomoza katikati ya nyasi changa.
Nikacheka peke yangu dirishani:
kumbe nalo limeita ndugu zake.

Nikavaa buti,
nikaenda kwa Pentti kuazima mtaimbo.